John Kirk: daktari wa Livingstone aliyegeuka balozi na kuishika Zanzibar miaka 20

Shuleni wengi wetu tulifundishwa mawakala wa ukoloni kwa makundi matatu, wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, unakariri majina, unaenda kwenye mtihani, basi imeisha hiyo. Sasa kuna mtu mmoja hakai vizuri kwenye kundi lolote kati ya hayo na nadhani ndo maana hatajwi sana, ila ukimtoa yeye, historia ya pwani yetu kuanzia 1866 mpaka 1886 haieleweki kabisa, huelewi soko la watumwa la Mkunazini lilifungwaje, huelewi Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikosea wapi, huelewi hata ule mstari wa mpaka wa Kenya na Tanzania ulitoka wapi. Anaitwa John Kirk. Alianza kama mpelelezi, daktari kwenye msafara wa Livingstone kule Zambezi, akamalizia kama mtumishi wa serikali ya Uingereza Zanzibar, na katikati hapo ndo kuna mkanganyiko wote.

Watu wakimjadili huwa wanagawanyika pande mbili. Wapo wanaosema huyu ndo aliyekomesha biashara ya watumwa pwani, wengine wanasema huyu ndo alimzunguka Sultani mpaka dola yake ikagawanywa na Wazungu. Na kila upande una ushahidi wake, tena ushahidi wa kweli. Mimi naona njia ya kuufungua huu mkanganyiko ni kuuliza swali moja kila hatua ya maisha yake: hapa analipwa na nani, na agizo la leo limetoka wapi? Ukishika hilo mambo mengi yanajipanga.

Kirk alizaliwa Desemba 1832 kijiji cha Barry huko Scotland, baba yake mchungaji. Akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea, yaani udaktari ulikuwa kazi na mimea ndo ilikuwa mapenzi. Vita ya Crimea ilipopamba moto akaenda kufanya kazi kwenye hospitali ya Waingereza kule Renkioi, Uturuki, akawa anatumia muda wake wa mapumziko kukusanya majani na maua. Ikifika 1858 Livingstone anaandaa msafara mkubwa wa Zambezi, anahitaji daktari ambaye pia anaijua mimea, Kirk akachukuliwa.

Tuelewane kitu hapa. Msafara wa Zambezi haukuwa wa kanisa wala wa watu binafsi, uligharamiwa na serikali ya Uingereza, na cheo cha Kirk kilikuwa daktari na mtaalamu wa mimea yenye faida, maana yake kazi yake ilikuwa kuangalia nini kinaota huku ambacho kinaweza kuuzwa kule, pamba, mbao, nyuzi, dawa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza anakanyaga Afrika alikuwa anakula mshahara wa serikali. Ule upelelezi na ule utumishi wa umma havikuwa maisha mawili tofauti kama vitabu vingi vinavyoonyesha.

Msafara wenyewe ulikwenda vibaya. Livingstone alikuwa ameshawaaminisha watu London kwamba Zambezi ni njia ya meli kwenda katikati ya bara, lakini safari yake ya kwanza alikata kona akakwepa kipande kimoja cha mto, na kipande hicho ndo kilikuwa na maporomoko ya Kebrabasa, pale ambapo leo kuna bwawa la Cahora Bassa Msumbiji. Mwishoni mwa 1858 Kirk na wenzake wakapanda yale mawe kwa miguu, mawe ya moto yanayounguza viganja, wakaona kwa macho yao kwamba hapa hakuna meli itakayopita. Mwaka 1860 wakati wanarudi wakijaribu kupita na mitumbwi, mtumbwi wa Kirk ukapinduka hapohapo, yeye akaponea chupuchupu ila madaftari yake na michoro ya mimea aliyoichora kwa miaka vyote vikaenda na maji. Kwa mtu ambaye mimea ndo maisha yake hilo ni pigo zito sana, lakini hakuacha, akaanza tena kukusanya.

Kuna kisa kimoja cha kule kinachomwonyesha Kirk alivyo. Wawindaji wa maeneo yale walikuwa wanapaka mishale sumu inayoitwa kombe, inatokana na mmea wa kutambaa, na Kirk alikuwa amebeba sampuli yake kwenye vitu vyake. Siku moja akapiga mswaki, mswaki uliokuwa umegusana na ile sumu, akasikia uchungu mdomoni alafu akajishika mshipa na kugundua mapigo ya moyo yamepungua kasi. Mtu mwingine angeshtuka akasukutua mdomo yakaisha. Yeye akaandika. Sampuli za mmea huo zikafika Edinburgh, profesa Thomas Fraser akatoa ndani yake dawa ya moyo inayoitwa strofanthini ambayo ilikuja kutumika hospitalini kwa miaka mingi. Na tusisahau kwamba elimu ya kwamba huu mmea unagusa moyo ilikuwa ya wawindaji wale muda mrefu kabla ya mswaki wa Kirk, yeye aliiona, akaiheshimu vya kutosha kuifuatilia.

Tabia hiyo ya kuandika kila kitu ndo pia imetuachia maoni yake juu ya bosi wake. Kwenye shajara yake ya mwaka 1862 Kirk aliandika kwamba haoni jibu jingine isipokuwa Dkt. Livingstone amerukwa na akili. Mtu aliyekuwa anaabudiwa Uingereza nzima, Kirk analala naye kambi moja, anaona anavyolazimisha watu kusonga mbele bila mpango, anaona wenzake wanakufa kwa homa. Mke wa Livingstone, Mary, alifariki Shupanga Aprili 1862 na Kirk ndo alikuwa daktari wake. Mwaka uliofuata Kirk mwenyewe akiwa hoi kwa kuhara damu akaondoka kurudi kwao. Lakini hakuwahi kumsema Livingstone hadharani, shajara zilichapishwa miongo mingi baada ya kifo chake. Kumbuka hilo kwa sababu litakuja kumgharimu.

Zanzibar alifika 1866, na hakufika kama mkubwa. Alikuja kama daktari wa ofisi ya ubalozi, nafasi ya chini tu, Livingstone akiwa miongoni mwa waliompigia debe. Mji alioukuta ni ule wa Sultani Seyyid Majid: karafuu, pembe za ndovu, watumwa, majahazi ya kaskazi na kusi, matajiri wa Kihindi wanaokopesha misafara yote ya bara, na bendera nyekundu ya Sultani inayoheshimika kuanzia Mogadishu mpaka karibu na Ruvuma. Kirk akaanza kujifunza huo mji kwa namna yake ileile. Aliandika kuhusu sandarusi, akaonyesha jinsi ile inayochimbwa ardhini inavyohusiana na mti wa msandarusi unaoota hadi leo pwani. Akapeleka bustani ya Kew kule London taarifa na sampuli za mmea wa kutambaa unaotoa utomvu wa mpira, ule ambao mpaka sasa wataalamu wanauita Landolphia kirkii. Kipindupindu kikapiga mji mwaka 1869 na 1870, kikaua watu kwa maelfu, yeye akiwa daktari katikati yake.

Na akapanda cheo kwa njia ambayo watumishi wengi wanaijua: wakubwa wanakuja na kuondoka, yeye anabaki. Balozi Churchill aliondoka mwishoni mwa 1870 akiwa mgonjwa, Kirk akakaimu. Miezi michache tu kabla ya hapo Majid alikuwa amefariki na kiti kikaenda kwa mdogo wake Barghash, mtu ambaye Waingereza haohao walisaidia kumpeleka uhamishoni Bombay mwaka 1859 alipojaribu kumpindua kaka yake. Kwa hiyo Barghash anaingia madarakani akiwa hana sababu yoyote ya kuwapenda Waingereza. Hawa wawili, Kirk na Barghash, ndo hadithi yenyewe.

Kabla sijafika huko kuna lile sakata la mwandishi wa habari Stanley, ambalo lilimchafua Kirk karibu amalize kazi yake mapema. Livingstone alikuwa bara, Kirk ana jukumu la kumpelekea mizigo. Msafara wa kwanza wapagazi walikufa kipindupindu, mingine ikaibiwa njiani, na mmoja ulikaa Bagamoyo kuanzia Novemba 1870 mpaka Februari 1871 bila kuondoka. Stanley akaupita, akaenda akamkuta Livingstone Ujiji hana kitu, akarudi London 1872 akitangaza kwamba Kirk amemtelekeza rafiki yake. Livingstone mwenyewe alikuwa amemwandikia Kirk barua ya malalamiko. Serikali ikachunguza ikamsafisha Kirk, na mimi nakubaliana na uchunguzi kwa sehemu: mtu aliyekuwa anafanya kazi za udaktari na ubalozi peke yake, mji unaugua, hawezi kusimama Bagamoyo kila siku. Ila miezi mitatu ni mingi mno kwa mizigo kukaa mahali ambapo ni jahazi la siku moja tu kutoka ofisini kwako, na hapo Stanley alikuwa na hoja. Aprili 1874 walipomzika Livingstone kanisa la Westminster Abbey, kati ya waliobeba lile jeneza walikuwepo Stanley na Kirk wote wawili, pamoja na Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyekuwa miongoni mwa waliousafirisha ule mwili kutoka Chitambo, alikofia Livingstone, mpaka pwani.

Sasa tuje 1873, mwaka wenyewe.

Biashara ya watumwa ilikuwa imebanwa na mikataba ya nyuma, ule wa 1822 na ule wa 1845, lakini ndani ya dola ya Sultani bado ilikuwa halali, unaweza kumsafirisha mtu kutoka Kilwa mpaka Unguja, Pemba, Mombasa hadi Lamu kwa kulipa ushuru. Mabalozi wa Uingereza wa miaka ya 1860 walikadiria kama watu 20,000 kwa mwaka wanapita Zanzibar. Uingereza kulikuwa na presha kubwa ya wananchi na makanisa kutaka hili liishe, na Suez ilishafunguliwa 1869, meli za posta za Kiingereza zimeanza kufika Zanzibar 1872, yaani haikuwa huruma peke yake, ilikuwa huruma na biashara vikitembea pamoja. Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani. Barghash akabaki na mashamba yaliyolala chini na hazina inayolegea, wakati huohuo anaambiwa aache ushuru wa watumwa na nguvu kazi ya kupanda upya.

Januari 1873 akaja Sir Bartle Frere, mjumbe maalumu, na manowari na barua ya Malkia. Barghash akakataa. Sababu zake zilikuwa wazi kabisa: wenye mashamba na Waarabu wakubwa watamgeuka, na kimbunga kimeshamfilisi. Waingereza walikuwa tayari kumpunguzia ule mzigo wa kulipa Muscat riale 40,000 kila mwaka, mzigo uliotokana na uamuzi wa 1861 uliotenganisha Oman na Zanzibar, bado akakataa. Frere akaondoka mikono mitupu.

Kirk alifanikiwa pale ambapo Frere na hadhi yake yote alishindwa, na jinsi alivyofanya ndo inatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Mwanzoni mwa Juni akapokea agizo kutoka London: mpe Sultani mkataba asaini, asiposaini kisiwa kitazungushiwa manowari, hakuna kuingia wala kutoka. Kirk akaenda kwa Barghash, na alikuwa anajua vitu ambavyo Frere hakuvijua, anajua nani kwenye baraza anaogopa nini, anajua chakula cha mji kinatoka bara kwa majahazi na kisiwa kikifungwa njaa itakuja ndani ya wiki kadhaa, anajua wazee gani wa kuzungumza nao kwanza. Alimsikiliza Sultani, akawapa nafasi washauri wake wapime hali, ila hakumficha kwamba hakuna mjadala kuhusu kusaini. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akasaini. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku, masoko yote ya wazi yakafungwa, na raia wa Kihindi walio chini ya Uingereza wakakatazwa kabisa kumiliki watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa siku hiyohiyo, na Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa la Anglikana likawekwa palepale, kanisa ambalo mgeni yeyote akifika Mji Mkongwe leo anapelekwa kuliona.

Kwa hiyo alifanya jambo jema? Ndiyo, na nalisema bila kusitasita, kwa mama aliyekuwa anasubiri kupigwa mnada tarehe 6 Juni hakuna mjadala wa siasa hapo. Lakini angalia kilichotiwa saini na kile ambacho hakikutiwa. Utumwa wenyewe haukufutwa, aliyekuwa mtumwa shambani Unguja tarehe 4 alikuwa mtumwa tarehe 6. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Na bahari ilipofungwa biashara ikapanda nchi kavu, misafara ikawa inatembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini kupitia Pangani na Tanga, mateso mara mbili, ikawa mpaka 1876 ndo Kirk akapata kwa Barghash matangazo mawili ya kupiga marufuku njia za bara nazo. Pemba ambayo kimbunga kiliipitia pembeni ikawa inahitaji watu wa kuchuma karafuu kuliko wakati wowote, magendo ya usiku yakashamiri, na mwaka 1881 nahodha Brownrigg wa manowari iliyoitwa London akauawa huko akijaribu kukagua jahazi. Hii yote inaonyesha mkataba haukuwa mwisho, ulikuwa mwanzo wa kazi ya miaka, na kazi hiyo ilimfanya Kirk kuwa mtu wa lazima kwa pande zote mbili.

Maana baada ya kusaini Barghash alikuwa amewaudhi watu wake, wale wakubwa wa Kiarabu waliopoteza, na aliyebaki wa kumlinda ni huyohuyo aliyemlazimisha. Hapo ndo Kirk alipojenga nguvu yake. Mwaka 1875 akasafiri na Barghash kwenda Uingereza, Sultani akapokelewa kwa heshima kubwa. Mwaka 1877 Luteni Lloyd Mathews akaanza kumfundishia Sultani jeshi la kisasa kwa bunduki za Uingereza. Matajiri wa Kihindi waliokuwa wanashika forodha na mikopo ya misafara walikuwa chini ya mahakama ya ubalozi, yaani kesi zao zinaamuliwa na Kirk. Ukijumlisha: jeshi limefundishwa na mtu wao, pesa zimeshikwa na raia wao, bandarini kuna manowari yao, na ushauri wa kila asubuhi unatoka kwao. Kirk hakuwa na cheo chochote ndani ya serikali ya Zanzibar na bado hakuna jambo kubwa lililopita bila yeye.

Sidhani kama alimdanganya Barghash. Nikisoma mwenendo wake naona mtu aliyeamini kabisa kwamba dola ya Sultani ikiimarishwa, ikitanuliwa bara chini ya ushauri wa Kiingereza, biashara ya watumwa itakufa na hakuna haja ya Mzungu yeyote kuchukua nchi. Barghash naye alikuwa kiongozi mwenye akili, alijenga Beit al-Ajaib, akaleta maji safi mjini, akanunua meli zake mwenyewe, na aliuona ule urafiki kama ngao. Mwaka 1877 alikuwa tayari kumpa mfanyabiashara William Mackinnon haki ya kuendesha bara nzima kwa jina la Sultani, dili likafia London. Kirk alikuwa na nyumba yake Mbweni nje ya mji, na bustani aliyopanda mimea ya kila aina, na jina lake likabaki kwenye viumbe vyetu: kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, kwa wanasayansi anabeba jina la kirkii, vilevile digidigi wa bara.

Ila kuna waya ulipita chini ya bahari. Mwaka 1879 simu ya maandishi ililazwa kutoka Aden mpaka Zanzibar kuelekea kusini, na mimi nadhani hili lilibadilisha kazi ya Kirk kuliko watu wanavyolisema. Kabla yake, ukiuliza London jambo unasubiri wiki kwa wiki, kwa hiyo balozi anaamua mwenyewe alafu anaeleza baadaye. Baada ya waya, London inaweza kukuambia leo nini cha kufanya kesho. Yule mtu aliyekuwa anatawala kwa ujuzi wake akaanza kuwa mpokea maagizo, na maagizo yenyewe yanatoka kwa watu wanaoangalia ramani ya dunia nzima ambapo Zanzibar ni kidoti.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara kimyakimya, akasaini vikaratasi na machifu wa Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua, na Februari 1885 Kaiser akavipa baraka. Barghash kupata habari akapeleka malalamiko Berlin kwa simu, akamtuma Mathews na askari mpaka Kilimanjaro kupandisha bendera. Kirk alikuwa upande wake, alijua vizuri kuliko Mzungu yeyote kwamba vile vikaratasi havina maana mbele ya mamlaka ya Sultani kwenye njia za misafara. Akaandika London akieleza. London ikajibu kwamba asiwazuie Wajerumani. Waingereza walikuwa wamekwama Misri, jenerali wao Gordon ameuawa Khartoum mwezi Januari, Warusi wanawatisha upande wa Afghanistan, wanamhitaji Bismarck, kansela wa Ujerumani, na Bismarck bei yake ilikuwa Afrika Mashariki.

Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri. Ndani ya meli ya Adler kulikuwa na Seyyida Salme, dada yake Barghash aliyeondoka 1866 akaolewa na Mjerumani, ameletwa kama kisingizio cha madai ya urithi. Na mtu aliyetumwa kumwambia Barghash akubali ni nani? Kirk. Yuleyule ambaye miaka 12 nyuma alimwambia saini na sisi tutakuwa nyuma yako, sasa anakwenda kumwambia kubali maana hatupo nyuma yako. Barghash akakubali. Sijui kama kuna kazi ngumu zaidi anayoweza kupewa mtumishi wa serikali, na Kirk aliifanya, hakujiuzulu, alilalamika kwenye barua zake ila agizo akalitekeleza. Kwangu mimi hapa ndo pa kumhukumu, zaidi hata ya 1873. Kama ni rafiki wa Sultani angeondoka. Alikuwa na heshima, alikuwa na jina, alikuwa na pa kwenda. Alichagua ajira.

Baada ya hapo ikaundwa tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa kupima Sultani anamiliki wapi na wapi, mjumbe wa Uingereza akiwa Kitchener, na Sultani mwenye nchi hakupewa kauli kwenye maamuzi yake. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa 1886 yakamwachia Barghash visiwa na kipande cha pwani cha upana wa maili 10, bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mlango wa mto Umba karibu na Vanga, ukauzunguka Kilimanjaro, mpaka Ziwa Victoria. Huo ndo mpaka tunaoupita Namanga na Holili leo. Kipande cha pwani cha upande wa Wajerumani, wao walikuja kukinunua jumla mwaka 1890, kile cha Kenya kikabaki kwa jina la Sultani mpaka Desemba 1963, na ndo maana hadi leo Mombasa ukitaja maili kumi wazee wanajua unazungumzia nini.

Kirk mwenyewe aliondoka Zanzibar katikati ya 1886, akaenda likizo na hakurudi kwenye kiti. Barghash akafariki Machi 1888. Sijaona sehemu inayoonyesha kwamba Barghash alimlaumu Kirk binafsi kama alivyoilaumu serikali yake, na hilo linanifanya niamini walikuwa wamefahamiana kweli.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kamati na ripoti. Akaingia kwenye kampuni ya Mackinnon, ile IBEA (Imperial British East Africa) iliyopata kibali cha kifalme 1888 na kutawala sehemu ambayo ndo Kenya ya leo, na hapa kidogo inaumiza kwa sababu ile pwani aliyomsaidia Sultani kuishika sasa anaiendesha kama mwanahisa. Akaiwakilisha Uingereza mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliopanga jinsi mataifa yatakavyobana biashara ya watumwa na silaha. Akakaa kwenye kamati iliyosimamia ujenzi wa reli ya Uganda kutoka Mombasa.

Na kazi moja ya mwisho ambayo ningependa ijulikane zaidi: Januari 1895 watu wa Brass, delta ya Niger, chini ya mfalme wao Koko, walivamia makao ya kampuni ya Royal Niger kule Akassa kwa sababu kampuni ilikuwa imewafungia biashara yao ya mawese mpaka wakawa wanakufa njaa. Jeshi la majini likaenda kuchoma vijiji vyao, alafu serikali ikamtuma Kirk, mzee wa miaka 62, aende kuchunguza. Akaenda, akawasikiliza watu wa Brass wenyewe, na ripoti yake ikaonyesha wazi kwamba malalamiko yao yalikuwa ya kweli, kanuni na ushuru wa kampuni ndo ulikuwa umewabana. Kampuni haikufutwa siku ile, leseni yake iliondolewa mwishoni mwa 1899, lakini yale maelezo ya Brass yalikuwa yameshaingia kwenye kumbukumbu za serikali kwa mkono wa mtu wasiyeweza kumpuuza.

Alifariki Januari 1922 huko Sevenoaks, Kent, akiwa na miaka 89, macho yakiwa yamekwisha. Mwaka huohuo wa 1922 serikali ya Waingereza Tanganyika ikapitisha sheria ya kufuta utumwa kabisa bara, miaka 49 baada ya ule mkataba wa Barghash.